Kiko Kilichofichwa Karakanani

Mwanangu, siku ile nikiikumbuka, mpaka leo masikio yananiwaka moto. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa kijana wa mtaa wa Obunga, shati limepigwa pasi na maneno mengi kuliko akili. Nilikuwa nimeajiriwa na muuza vitu vya kale mjini Kisumu, akanifundisha viko vya Bara Hindi, vya Uchina, hata vya Ujapani. Ukiniletea kiko nilikuwa nakutajia umri wake kabla hujakaa. Eti mtaalamu! Ai, ujana.

Basi akafariki seremala mmoja Kalasinga, Fundi Harbans, mtu wa dini kabisa. Kwao tumbaku ni mwiko mkubwa. Mwanawe Jasbir, akisafisha karakana, akakuta chini ya mbao kiko cha maji, kile Wahindi wanakiita hukka. Alidhani ni cha mteja, kimeletwa kutengenezwa. Akaniita nikipime thamani, akitunze mpaka mwenyewe apatikane.

Nikakalishwa sebuleni, viatu mlangoni, kitambaa kichwani, waombolezaji wameketi kwenye shuka nyeupe. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu, imevikwa maua, anacheka meno yote nje.

Nikaanza mbwembwe zangu. Kiko kilikuwa cheusi; nikakikwaruza kwa ukucha: weusi haukutoka, kwa hiyo si rangi ya kupaka. Nikapitisha kidole juu ya maua yake ya fedha: sikuhisi mwinuko wowote, yalikuwa yamechimbiwa ndani. Kazi ya mkono hiyo, ya zamani, ya Bara Hindi. Nikataja bei, watu wakaguna. Ningeishia hapo, mwanangu! Lakini mdomo ulikuwa unaniwasha.

Sehemu ya kuvutia moshi, ile inayotiwa mdomoni, ilikuwa ya mfupa, bapa. Upande wa juu meno yalikuwa yameacha vishimo. Upande wa chini laini kabisa. Nikakitikisa, maji yakalia ndani. Nikanusa, harufu ya tumbaku ilikuwa bado mbichi. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Hiki hakikuletwa kutengenezwa. Kimevutwa miaka mingi, na kimevutwa juzijuzi tu. Nani alikuwa na ufunguo wa karakana?"

"Baba peke yake," Jasbir akasema.

Yawa! Mjane, Mama Jasbir, akakitazama kiko, akanitazama mimi. "Bwana yangu? Tumbaku? Miaka yote hii mimi nakula na yeye meza moja?" Akainuka, akaigeuza picha ya mumewe ikatazama ukuta. Mwanawe akamshika mkono, naye mama akamsukuma. Mimi hapo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara wakaingia watu wa kanisa kutoka Mamboleo, wamekuja kutoa pole. Mbele yao alikuwa Mzee Okech, mzee wa kanisa na rafiki mkubwa wa marehemu. Kanisa lao nalo lilikataza tumbaku. Ukipatikana nayo unatengwa. Mzee akaona picha imegeuzwa, akauliza kuna nini. Jasbir akamweleza.

Mzee Okech akafungua mdomo aseme. Nami nikaona! Meno ya mbele ya chini hayapo, yaling'olewa ujanani, kama walivyofanyiwa Wajaluo wa zamani. Babu yangu mwenyewe alikuwa hivyo! Nikakiangalia kiko mkononi: juu vishimo, chini laini. Na marehemu nilikuwa nimemwona kwenye picha, meno yake yote yapo, juu na chini. Aliyekivuta hakuwa marehemu.

"Mama Jasbir," mzee akasema, "hiyo kiko ni yangu. Mteja alimpatia Harbans, yeye akanipa mimi. Jioni nilikuwa navuta pale karakana, yeye anakaa mlangoni na leso kwa pua, ananigombeza. Alinifichia sababu ya hawa." Akawaelekezea kidole watu wa kanisa lake.

Mama mmoja akashika mdomo. "Mayo! Mzee wetu?"

"Ndiyo mimi. Mkitaka kunitoa, nitoeni. Lakini huyu mtu hakuvuta hata siku moja."

Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, uliulizwa bei. Nani alikuuliza habari ya marehemu?"

Mama Jasbir aliigeuza picha mwenyewe, akakifuta kioo chake kwa ncha ya shela yake, akawa anaiomba msamaha kwa Kipunjabi, analia. Na Mzee Okech kweli walimtoa kwenye uzee wa kanisa. Miaka kumi na zaidi aliyoishi baadaye alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, kwa sababu yangu mimi na mdomo wangu.

Sasa nawe umeanza kazi hii, na jicho unalo, nimeliona. Nisikilize basi. Kitu cha kale kitakuonyesha kimetengenezwa wapi na kimetumika vipi. Kikikuonyesha zaidi ya hapo, weka moyoni, kigeuze upande wa pili, halafu watazame waliokaa mbele yako. Ukiulizwa bei, taja bei, nyamaza. Usimhukumu mtu ambaye hawezi kurudi kujitetea.

Mungu akubariki kwa mikono yenye subira, akuzuilie ulimi mbele ya waliofiwa. Na siku ukikosea kama mimi, akuletee mlangoni mtu kama Mzee Okech.