Ua Lililonyimwa Mbegu

Pale Modica, mji wa Sisilia, hakuna roshani iliyoshinda ya Mama Crocifissa kwa karnesheni, yale maua ya vyunguni. Za majirani zilichanua Mei, jua likazibabua, basi. Zake zilirudi tena Septemba, mvua ya kwanza ikigusa tu vumbi. Siri hiyo alimfunza bintiye Agatina tangu utotoni: "Ua likishapata mbegu linaona kazi imekwisha, linalala. Linyime mbegu, litachanua tena."

Basi Agatina alikuwa akikata kila ua lililofifia, mwaka baada ya mwaka. Alipopata mchumba, mwashi mmoja wa Ispica, mama yake aliugua ghafla akataka wa kumwuguza. Mwashi alingoja, akachoka, akaoa kwingine. Mwezi uleule mama akapona.

Sasa Agatina amepita hamsini. Juni hii jirani yao Venera alichungulia dirishani akacheka: "Shoga, mbona wewe huzeeki? Bado kigori!"

"Nimemtunza mwenyewe," mama alidakia kwa fahari, palepale alipoketi roshani. Kisha akanyoosha kidole. "We Agatina! Lile la pembeni limeanza kufanya mbegu. Macho umeyaweka wapi?"

"Nimeliona, mama. Nimeliacha makusudi."

"Umeliacha? Una wazimu? Likate!"

Agatina alilitazama lile ua lililonyauka, kifuko chake cha mbegu kimevimba. Akamwendea mama yake, akamwekea mkasi mapajani.

"Likate wewe," alisema. "Mkono wako umezoea."