Manyoya ya Sungura Wangu wa Temeke

Wasomaji, mnisamehe mwandiko mbovu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nne na naandika polepole.

Nilifuga sungura wawili wachanga katika sanduku la madebe ya mafuta ya taa. Asubuhi moja nikakuta manyoya yametapakaa, na migongo yao ina mabaka. Nikamshuku jirani yangu, Bi Zuhura, kwamba anawanyonyoa akafanyie uchawi. Mbona kila siku aliwachungulia? Mbona kanga yake ilikuwa na manyoya? Nami nilikuwa nimemposa binti yake!

Siku wazee walipokutana barazani kwake kunijibu posa, nikaingia bila kuitwa, sungura mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba manyoya yangu."

"Marahaba. Manyoya gani, mwanangu?"

Akampokea, akampuliza mgongoni. Ngozi ilikuwa safi, bila ukoko wala wekundu, na manyoya mapya yalikuwa yakiota.

"Anapukutisha ya utotoni tu. Wewe ulipong'oka meno ya utoto, nani alikuroga?"

Wazee wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Nyuma ya pazia, binti yake alicheka kuwashinda wote.

Jibu sijapewa mpaka leo. Aliyewahi kumwomba radhi mkwewe, tafadhali aniandikie alianzaje.