Mwalimu Aliyekuja Kupima Shamba Letu

Siku ya maziko ya mwalimu tulikuwapo hawa: mjane wake na binti zao, majirani wa nyumba yao ya kupanga hapa Machakos mjini, walimu wenzake kutoka Masii, wanafunzi wake wa zamani, ndugu yangu mdogo na mimi. Baba yetu mdogo hakuja, wala sikumtarajia. Wanaume walipoondoka na jeneza, sisi wanawake tulibaki uani, nami nikakumbuka jinsi nilivyomshuku marehemu tangu siku ya kwanza.

Alifundisha kozi za utangulizi katika chuo kidogo cha jamii, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mgeni hachagui fani kabla ya kuonja zote: ushonaji kidogo, hesabu za duka kidogo, umeme kidogo, upimaji wa shamba kidogo. Mimi nilikuwa nimeacha shule wazazi wetu walipofariki, ili wadogo wangu wale, na mtu anayekuonjesha kila chungu nilimwona ana lake jambo. Nilimpeleka ndugu yangu tu, nikamwonya asitie sahihi popote. Asubuhi moja akarudi na darasa zima, mwalimu mbele, kamba begani na pima maji mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema kwamba mpaka wetu ulipandwa mkonge vibaya.

"Mwalimu, hapa unapima nini?"

"Mteremko, dada. Tuchimbe matuta, udongo usiende na mvua."

"Mteremko ndio unaletewa watu wote hawa? Mtu akikuja na kamba kwa shamba la mayatima, sisi tunajua anatafuta nini."

Wanafunzi wakacheka. Yeye akaninyooshea ncha ya kamba. "Basi shika wewe. Ukiona shamba linanifuata, vuta."

Nilishika. Wiki iliyofuata nikajiandikisha, si kwa kupenda elimu, bali nimchunge. Nilikaa mbele kabisa, nikiuliza kila mstari alioandika ubaoni ni wa nini. Ndivyo nilivyojua kwamba mkonge si mpaka. Mpaka ni jiwe lililofukiwa chini. Darasa lilirudi kuchimba matuta yetu kwa mwethya, kama Wakamba tunavyofanya: leo wote kwangu, kesho wote kwako. Wanafunzi niliwalipa kwa jembe, nyumba kwa nyumba. Mwalimu hakuwa na shamba. "Nikipata nitakuita," alisema.

Mvua zilipokwisha, baba mdogo alifika na vigingi na mtu wa kupima.

"Tuanzie kwa jiwe, baba mdogo," nikasema.

"Jiwe gani? Nani amekufundisha mawe?"

"Chuo."

"Kile cha kuonja-onja!" Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Lakini mtu wake alikuwa ameshachuchumaa pale nilipoonyesha baada ya kuhesabu hatua kama tulivyofundishwa, anakwangua udongo, na jiwe likatokea upande wake baba mdogo, ng'ambo ya mkonge; kumbe shamba letu lilivuka mkonge. Vigingi vilirudi vilikotoka.

Kuna jambo sijalielewa mpaka leo. Nyuma ya darasa lake kulikuwa na mteremko mkali. Kwa nini alitembeza darasa hadi kwetu? Ndugu yangu anaapa hakumweleza habari za nyumbani. Nilimuuliza mwalimu, akajibu kwamba udongo wetu unachimbika vizuri. Si kweli; ni kokoto tupu.

Siwashauri wasomaji wangu waache kushuku, maana yatima asiyeshuku hulala nje. Nasema tu kwamba anayeshuku akae karibu na anachokishuku mpaka akielewe. Kunung'unika mlangoni hakujamwokolea mtu shamba.

Jioni ya maziko nilimwambia mjane kwamba nadaiwa siku moja ya jembe. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa na msiba. "Jembe la wapi, mama? Mwalimu hakuacha hata tuta la sukuma wiki." Watu wa mwethya wanajua kwamba deni hilo halilipwi kwa pole wala kwa unga wa matanga. Wa kulimiwa kwa niaba ya marehemu wapo, mjane na binti zake, lakini yeye hakuacha pa kulima. Bado nadaiwa.