Ukiitwa Usigeuke

Nilijiandikisha klabu ya bastola kwa hasira. Tangazo lilibandikwa ofisini kwetu, karibu na mashine ya maji, na mwenzangu mmoja akacheka akasema huo si mchezo wa wanawake wa umri wangu. Nina miaka hamsini na mbili. Nikachukua kalamu mbele yake nikaandika jina. Hasira iliisha kabla ya chakula cha mchana, lakini jina lilishakwenda.

Wakati huo nilikuwa nimechoka, na sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Mama yangu alikuwa hawezi tena kusimama peke yake. Nikitoka kazini Matrah narudi kwetu Wadi Kabir, baina ya magereji, na tangu nivue viatu mpaka nilale nilikuwa naitwa. Maji. Mto. Dirisha. Nikifika jikoni naitwa tena, narudi. Kila Jumamosi asubuhi dada yangu alikuja kutoka Qurayyat kukaa naye, na asubuhi ile moja tu ndiyo iliyokuwa yangu kwa wiki nzima. Mwenye akili angelala. Mimi nilikwenda kupiga shabaha.

Mchezo wenyewe si wa kusimama pahala pamoja ukalenga duara. Unakwenda mbio kutoka ukuta mmoja wa mbao hadi mwingine, unapiga shabaha za karatasi na za chuma, na saa inakuhesabia. Lakini kozi yetu sisi wanaoanza ilihusu zaidi mambo ya kutofanya. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umelenga. Mdomo wa bastola usiondoke kwenye tuta la mchanga lililo mbele yako. Ukigeuka nyuma na bastola mkononi, hata ikiwa tupu, unakwenda nyumbani papo hapo. Mwishoni kulikuwa na mtihani, na asiyefaulu hapati kadi ya kushindana. Tulipewa nafasi mbili. Nikizikosa zote nisubiri kozi nyingine, na nilijijua: nisingerudi.

Ya kwanza niliipoteza kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimefika ukuta wa mwisho, mzee mmoja wa klabu, rafiki wa marehemu baba ninayemwita ami, akaja nyuma ya uzio akatoa salamu. Tulivaa vifuniko vya masikio vinavyozuia mlio wa risasi lakini vinapitisha sauti za watu, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Kwetu sisi, rafiki wa baba hajibiwi kwa kisogo. Unamgeukia mwili mzima. Basi nikamgeukia.

"Waaleikum salaam, ami!"

Mwalimu wetu, askari mstaafu aliyezaliwa Bujumbura, alinidaka mkono akaurudisha mbele kabla sijamaliza neno.

"Khalas, dada," akasema. "Mzee wa watu umemsalimia kwa bastola. Nenda nyumbani."

Nililia garini, nikajichukia kwa kulia.

Jumamosi ya mtihani wa pili dada alipiga simu alfajiri: homa, hawezi kuendesha. Nilikaa kitandani nikiitazama simu. Kisha nikamvisha mama, nikamnyanyua mpaka kwenye gari, na kiti chake cha magurudumu nikakitia nyuma. Ami, kwa aibu ya wiki iliyopita, alijitolea kukaa naye kivulini nyuma ya uzio. Mama naye tulimvalisha vifuniko.

Nilianza vizuri. Ukuta wa kwanza, wa pili. Nilipokuwa nakwenda wa tatu nikamsikia.

"Mwanangu! Nnakwita!"

Bega langu la kulia lilianza kuondoka lenyewe. Nikasimama. Saa ilikuwa inakwenda.

"Mwanangu, nnaogopa! Njoo!"

Mwalimu alikuwa kando yangu, mkono wake tayari kunikamata. Sikugeuka. Nilitembea mpaka ukuta wa mwisho, nikapiga shabaha zote zilizobaki huku sauti ile ikiniita jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Nikatoa risasi, mwalimu akakagua, bastola ikarudi kiunoni. Ndipo nikageuka. Mama alikuwa ameng'ang'ania mkono wa kanzu ya ami, macho yamemtoka.

"Mabruk," akasema mwalimu. "Kadi utapata."

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha mama.

"Nimekwita," akasema mama. "Hukunsikia?"

Ningeweza kusema kweli. Nilionyesha vifuniko vilivyoning'inia shingoni.

"Sikusikia, mama. Hivi vinaziba masikio."

Akanitazama kwa huruma. Akanipapasa sikio, taratibu, kama alivyokuwa akifanya nikiumwa nilipokuwa mdogo.

"Maskini," akasema. "Masikio yameshakwisha, na weye bado kijana."

Mama anasahau kama amekula, anasahau kama baba amekufa. Hili hakulisahau. Tangu siku ile haniiti tena. Akitaka maji anangoja mpaka nipite karibu, halafu ananishika nguo. Nilimwambia mara mbili tatu kwamba nasikia vizuri, akatikisa kichwa kwa upole, haamini. Nyumba imekuwa kimya kama nilivyotamani miaka yote ile. Kadi iko kwenye droo. Na kila baada ya dakika chache naliacha donge la chapati, nanawa mikono, nakwenda kupita karibu na kitanda chake.