Wamenibadilishia Samaki

Fundi wa makochi hakuwahi kuwapenda samaki wa mkewe. Kwake yeye samaki mahali pake ni sahanini, na kila mgeni aliyefika aliambiwa hivyo, mpaka mkewe akawa anammalizia sentensi. Kati ya karakana yake na mlango wa jikoni palikuwa na bustani ndogo, na humo mkewe, mshonaji wa mapazia, alijengesha kibwawa cha saruji akafuga samaki wa dhahabu.

Mayai yalipotagwa, mama huyo aliyahamishia kwenye beseni kabla samaki wakubwa hawajayala. Vifaranga walipoanguliwa, aliwapondea kiini cha yai la kuchemsha mpaka kikawa kama unga. Majirani walikuja kuchungulia, wakaguna.

"Hii ndiyo dhahabu? Mbona rangi ya matope?"

"Tulieni," aliwajibu. "Wote huzaliwa hivi. Wakikua, tumbo huanza kung'aa, halafu mbavu, mgongo huja mwisho. Wengine hugoma, wakabaki weusi mpaka kufa. Kama mume wangu huyo."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili alikuwa amebana misumari.

Ugonjwa ulianza kwa mambo madogo. Mkewe alishona pindo juu ya pindo. Akamwita binti yao kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani. Daktari aliwaeleza kwamba kumbukumbu zitaendelea kumtoka, na dawa zilizopo ni za kupunguza kasi tu. Siku hiyo Fundi alirudi karakanani, akalifumua kochi la mteja ambalo alishalimaliza, akaanza kulishona upya.

Hata hivyo mikono ya mama ilikuwa haijasahau samaki. Msimu ule alilea vifaranga vizuri kama kawaida, akawahamishia kibwawani wakiwa weusi tii. Kisha asubuhi moja Fundi akasikia ukelele.

"Njooni jamani! Wamenibadilishia samaki!"

Alimkuta ameinama ukingoni. Majini walikuwa wanapitapita samaki wenye matumbo ya rangi ya chungwa.

"Ni wale wale, mama watoto. Wamebadilika rangi tu. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Nikufundishe wewe? Wewe nani?"

Fundi akasema, "Mimi fundi wa makochi."

"Basi rudi kwenye makochi yako. Mume wangu akija nitamwambia. Mrefu yule, ana nywele nyeusi. Samaki hawapendi, lakini hao wezi atawatafuta."

Fundi alijipapasa kichwa, chenye mvi tupu, akaondoka.

Tangu hapo kila alipoulizwa na mkewe alijibu kwamba wezi wanatafutwa. Binti yao, aliyekuja kila mwisho wa wiki kumwogesha mama yake, hakulipenda jambo hilo.

"Baba, unamdanganya mama."

"Nikimwambia ukweli analia kutwa, mwanangu. Nikimdanganya anakunywa chai yake."

Siku moja Fundi alitoka kupeleka viti kwa mteja. Aliporudi, alikuta chujio la jikoni ukingoni mwa kibwawa, na samaki wamepangwa juani juu ya vigae. Mkewe alikuwa amewatoa wageni ili wale wake wapate nafasi ya kurudi. Fundi aliwazoa waliokuwa bado wanapumua akawarudisha majini. Wengi walikuwa wamekwisha.

Mama akatoka jikoni. Alipiga magoti, akaokota mmoja, akamgeuza kiganjani.

"Nani kaniulia watoto? Tazama, huyu alishaanza kung'aa. Ulikuwa umebaki mgongo tu."

Fundi alilificha chujio nyuma yake. "Paka."

"Paka wa nani?"

"Sijui. Nitamsaka."

"Mume wangu," akasema, akamlalia begani. "Mume wangu, waliteseka?"

"Hapana. Ilikuwa haraka."

Walikaa hapo chini, yeye analia, Fundi anamshika mgongo, hathubutu kujitikisa. Fundi alijua wazi akili ya mkewe imerejea, na hakujua itakaa kwa muda gani. Alitaka kumwambia mengi. Akaishia kumuuliza kama vigae vinamuumiza magoti. Mama alipoinua uso, alimshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mpita njia, akauliza mlango wa kuingilia ndani uko wapi.

Hakumwita tena mume wangu. Alifariki kabla mvua hazijaisha, usingizini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Baada ya mazishi binti alimsihi baba yake akaishi kwake. Fundi alikataa, kisha akasema atafikiria, kisha jambo likaachwa hivyo. Bado anashona makochi. Wateja wanaosubiri hutoka kwenda bustanini, wakachungulia majini, wakamsifu kwa samaki wazuri.

"Si wangu," huwajibu. "Ni wa mke wangu."