Visahani vya Ng'washi

Mayige Luhende alikuwa askari wanyamapori, lakini nyumbani hakuwa na bunduki. Bunduki ni mali ya kambi ya uwindaji iliyo pembeni mwa pori la akiba. Ikifika jioni inafungiwa kabatini, na risasi za mazoezi wanazopewa kwa mwaka mzima zinaenea kwenye viganja viwili. Kwa hiyo akiwa likizo kwao Ngulyati, mazoezi yake ya kulenga shabaha aliyafanya kwa mpini wa jembe. Majirani walipomwona mwanamume wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto wanne, ameuweka mpini begani na anauzungusha angani huku amekaza jicho, walicheka mpaka wakachoka. Baadaye wakazoea.

Aliyekuwa akimrushia shabaha ni mama yake, Ng'washi. Bibi huyu alilinda mpunga dhidi ya ndege waitwao kweleakwelea tangu akiwa binti wa miaka minane, na alipoachwa mjane ni mpunga huohuo uliomlea Mayige. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini mkono wa kombeo ulikuwa bado wa msichana. Alifinyanga visahani vyembamba vya udongo wa mtoni, akavikausha juani, akavilaza kimoja kimoja kwenye kombeo na kuvirusha juu ya majaruba ya mpunga. Mayige aliita "Vuta!", kama wanavyoita mashindanoni ambako mashine ndiyo inayorusha, kisha akakifuata kisahani kwa mpini. Kikishaanguka, mama yake alitoa hukumu.

"Umepiga." Au, "Umekosa, ng'wanawane," yaani mwanangu, "shingo hiyo."

Alijuaje? Mimi sina maelezo. Mpini hautoi risasi, na kila kisahani kilianguka vilevile. Bibi alisema anaangalia shingo tu: mtu anayekosa, shingo yake inakaza kabla ya mkono kufika. Siku moja kambini Mayige alipewa risasi kumi, akavunja visahani saba. Saba katika kumi ndiyo hukumu aliyokuwa akipewa na mama yake wiki nzima ya likizo.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameaibika Arusha, kwenye mashindano ya kambi. Dakika chache kabla ya zamu yake simu iliita: mtoto wake wa mwisho ameshikwa na degedege. Hadi jioni mtoto alikuwa anakunywa uji, lakini Mayige alishakosa kisahani cha kwanza, na kwa kukifikiria hicho akakosa vingine kumi na moja kati ya ishirini na tano. Mkuu wake wa kambi, Marcelo, hakumfokea.

"Mkono wako hauna shida," alimwambia. "Kinachokosa ni kichwa."

Akampa karatasi yenye mazoezi ya akili kwa walenga shabaha. Pumua. Kione kisahani kimevunjika kabla hujaita. Ukikosa, kisahau kabla ya kuita kingine. Mayige alimsomea mama yake kwa Kisukuma, na bibi akacheka hadi akakohoa.

"Aliyeandika hii amewahi kulinda mpunga," alisema. "Ndege akishakuponyoka, ukimfuata kwa macho, wenzake mia wanatua nyuma yako."

Mstari wa mwisho wa karatasi ulishauri mtu aukinge moyo wake na habari za nyumbani siku zinazotangulia shindano. Hapo ndipo Mayige alipozidisha. Asubuhi ya Jumanne, mwezi wa sita, akiwa na begi mgongoni tayari kurudi mashindanoni Arusha, alisimama uani mbele ya mama yake na mkewe Salu.

"Mwaka huu sitaki simu. Simu yangu atakaa nayo Marcelo. Hata nyumba ikiungua, mtaniambia Jumapili."

"Hata ng'ombe wakiisha," mama yake akadakia, "Jumapili."

Wakacheka wote. Bibi alikuwa anakohoa tangu juzi yake. Mayige alikisikia kile kikohozi. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikisikia.

Jumatano jioni kifua kilimbana Ng'washi, na Alhamisi akalazwa hospitali mjini Bariadi, amewekewa hewa ya mtungi. Salu akampigia Marcelo.

"Nimwite?" Marcelo aliuliza.

Salu alimgeukia mgonjwa. Bibi aliisogeza barakoa kwa kidole.

"Ameshapiga?"

"Bado, Mayu," Salu alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ni Jumamosi."

"Basi asiambiwe. Tulikubaliana."

Nimetafuta sana wa kumlaumu hapa, sijampata. Salu ni mke aliyelelewa asimbishie mama mkwe, na amri ya mume wake aliisikia kwa masikio yake. Atoe wapi ubavu wa kuzivunja mbili? Hata hivyo roho inauma. Basi linatoka Arusha alfajiri na usiku limefika Bariadi. Angeambiwa Alhamisi ile, Ijumaa usiku angekuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mama yake.

Ijumaa Ng'washi aliuliza tena kama ameshapiga. Jumamosi saa tatu asubuhi akauliza kwa sauti ambayo Salu ilimbidi ainame ili aisikie.

"Ndiyo anapiga sasa hivi, Mayu."

Bibi akafumba macho. Mkono wake wa kulia, ule wa kombeo, ukaanza kwenda na kurudi juu ya shuka, na Salu akadhani anaomba maji. Saa sita mchana alikuwa ametutoka.

Saa hiyo Mayige alikuwa amevunja visahani ishirini na nne kati ya ishirini na tano. Alikosa cha kumi na moja, akapumua, akakisahau, akaita kingine. Karatasi ilisema kweli, na mama yake pia. Alipata nafasi ya pili na kikombe chenye masikio mawili.

"Sasa nipe simu nimpigie mama," alimwambia Marcelo.

"Chaji imeisha," Marcelo alijibu, akaenda kupakia vitu kwenye gari.

Jumapili walisafiri kutwa nzima, na Mayige aliongea njia nzima, kisahani kwa kisahani. Redio haikuwashwa. Pale Nyalikungu waliposimama kunywa chai, Marcelo alifungua mdomo mara mbili, mara zote mbili akaishia kuagiza chapati. Alikuwa mkuu wa watu kumi na wanane, na tangu Salu ampigie Jumamosi mchana hakuweza kumwambia mmoja wao kwamba mama yake amekufa.

Walipokata kona ya nyumbani, Mayige aliliona turubai. Akashuka na kikombe mkononi. Wanaume waliokaa kwenye magogo walisimama, na kilio cha wanawake kikapanda.

"Nani?" aliuliza. "Jamani, ni nani?"

Salu alimjia akiwa amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Hakukusudia kumuumiza. Maneno yalimtoka yenyewe.

"Leo ndiyo Jumapili, baba Bujiku."

Mayige alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti mbele za watu, akimwita mama yake. Kikombe kiliokotwa na mtu, kikawekwa juu ya ghala, na hadi leo hakijaingizwa ndani.

Walimzika Jumatatu. Jumatano, watu walipopungua, Mayige alikuta visahani vinane nyuma ya ghala, vimeanikwa kwenye gunia. Alama za vidole vya mama yake zilikuwa bado ukingoni. Alichukua kimoja na mpini wa jembe, akamwita mkewe hadi kwenye majaruba.

"Nirushie."

"Kombeo siliwezi."

"Kwa mkono tu. Vuta!"

Salu akarusha. Kisahani kilipanda kwa kuyumba, mpini ukakifuata, kikaangukia kwenye mpunga. Mayige alibaki ameuweka mpini begani, hageuki, anasubiri.

"Nimepiga?" aliuliza.

Salu alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sijui, mume wangu. Mimi sikufundishwa kuangalia."

Aliiona shingo ya mumewe imekaza, mishipa imesimama, lakini hakujua kwamba hilo ndilo jibu.