Mteja Aliyemshinda Bi Kijiko

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mtaa mzima. Watu walimwita Bi Kijiko, kwa sababu ilikuwa vigumu kuingia dukani kwake ukatoka bila kuonjeshwa kitu. Alikuwa akitengeneza mtindi na kuuuza, kazi aliyoianza angali mke mpya, kwa sufuria moja ya kuazima. Sasa alikuwa na friji mbili za milango ya kioo. Moja ilikuwa ya mtindi mtupu, na ya pili ya ule wa kutiwa ladha, ambao wateja waliuita yogati kana kwamba ni kitu kingine kabisa, kisicho ndugu wa mtindi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya jengo la ghorofa, kimekatwa katikati kwa pazia la plastiki. Mbele aliuza yeye. Kwenye kona ya mlango alikaa mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache, misumari mdomoni na nyundo mkononi. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko, masufuria, na wifi yake, dada wa huyo mume, mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi.

Bi Kijiko alikuwa na ugonjwa mmoja tu, udadisi. Hakujali nani kamwacha nani, wala nani kajenga wapi. Kilichomkosesha raha ni swali moja: kwa nini mtu anapenda anachokipenda? Watoto wawili wa tumbo moja, wamekula sahani moja tangu wameota meno, mmoja akiguswa na mtindi mchachu anatetemeka kama kamwagiwa maji, mwingine analamba mpaka kifuniko. Kwa nini? Alijizoeza kumtazama mteja tangu akiwa mlangoni na kubahatisha. Yule polisi mwenye kifua kama kabati, mwenye sauti ya kufukuza mbwa, alimjua siku ya kwanza: stroberi, tena ile ya waridi iliyokolea. Mwalimu mmoja wa hesabu, mwembamba na mpole, yeye hakutaka sukari hata ya kudanganyia, alitaka uchachu wa kukunja uso.

"Wifi, wewe ni mchawi," wifi yake humwambia.

"Uchawi gani? Natazama tu mdomo. Mdomo unasema kabla haujasema."

Basi akaja mpishi.

Alikuwa mtu mzima, mnene wa wastani, kucha zake safi, mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni kilichoko nyuma ya barabara kuu. Siku ya kwanza Bi Kijiko alimtazama akasema moyoni, vanila. Na kweli mpishi akanyoosha kidole kwenye vanila. Bi Kijiko akafurahi. Siku ya pili akachukua stroberi. Siku ya tatu embe. Halafu wa asali, halafu mtupu, halafu mwepesi wa kunywa, halafu akarudi vanila. Kila mara alikula palepale, amesimama, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Akimaliza, anaweka kikopo, anatingisha kichwa kidogo, anaaga.

"Leo vipi, kaka?" Bi Kijiko humwuliza.

"Mzuri, dada. Mzuri sana."

"Kuliko wa jana?"

"Na wa jana ulikuwa mzuri."

Jibu hilo lilimkaa Bi Kijiko kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anayesema vyote ni vizuri, ama ana adabu kupita kiasi, ama anaficha jambo. Na adabu yenyewe ina kikomo.

Ukweli ulitoka kwa ajali. Jioni moja fundi viatu alifungua kopo kubwa la gundi, na kwa kuwa mlangoni palikuwa na upepo wa vumbi, akalisogeza nyuma ya pazia, karibu na masufuria ya maziwa yaliyofunikwa vitambaa yakisubiri kuganda. Maziwa hayana siri, harufu yoyote iliyo karibu huinywa. Kesho yake Bi Kijiko alikuwa na mafua, wifi alikuwa na haraka, na mtindi ukatiwa kwenye vikopo na kuuzwa.

Jioni haijafika, wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Polisi aliweka kikopo mezani taratibu, kama ushahidi. "Mama, hiki ni chakula au ni soli ya kiatu?" Mwalimu wa hesabu alikuja amekunja uso, safari hii si kwa raha. Bi Kijiko aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimwomba radhi kila mtu, akambadilishia kila mtu, akamkata jicho mumewe ambaye alikuwa ameinamia kiatu kama anatafuta humo pa kujificha.

Mteja mmoja tu hakurudi na kikopo. Mpishi alikuwa amenunua asubuhi, wa vanila, na kwa kuwa siku hiyo alichelewa kazini akaondoka nao. Kesho yake alipoingia, Bi Kijiko alianza kuomba radhi kabla hajasalimiwa.

"Radhi ya nini, dada?"

"Ya mtindi wa jana, kaka yangu. Naona haya hata kukutazama."

Mpishi akatabasamu. "Mbona ulikuwa mzuri? Laini, wa baridi. Nimeumaliza wote."

Kule nyuma kijiko kilianguka. Wifi alichungulia pembeni mwa pazia, macho yamemtoka pima. Bi Kijiko alimtazama mpishi, akamtazama tena. Kisha akaenda mlangoni, akachukua lile kopo la gundi, akalifungua na kulishika chini ya kidevu cha mpishi.

"Kaka, hii inanuka nini?"

Mpishi aliinama, akavuta pumzi. Akavuta tena. Uso wake ulibadilika, si kwa harufu, bali kama wa mtu aliyeitwa jina lake hadharani.

"Sijui," akasema. "Sisikii kitu."

Wakamkalisha kwenye kigoda cha wateja wa viatu. Akaeleza. Alikuwa ameugua homa kali, akapona, akarudi kazini. Alipofika getini alishangaa, ile harufu ya sabuni ambayo kwa miaka ilimpokea tangu barabarani haikuwapo. "Nikadhani kiwanda kimefungwa," alisema. "Nikamwuliza mlinzi, leo hatufanyi kazi? Mlinzi akacheka, akaniambia nenda kapike." Alipofika jikoni akafunua sufuria ya vitunguu, mvuke ukampiga usoni, na ndani ya mvuke ule hamkuwa na kitu. Maji ya moto tu.

Tangu hapo alipika kwa mazoea ya mkono. Chumvi aliisikia, sukari aliisikia, ndimu aliisikia. Mengine yote yalikuwa kimya. Daktari alimwambia huenda pua ikarudi, huenda isirudi, na akamshauri kila siku anuse vitu vyenye harufu kali, aizoeze upya. Kazini hakumwambia mtu. Na mtindi alikuwa akiujaribu wa kila aina, akitafuta kama upo hata mmoja utakaomsemesha.

"Nyumbani nilikuwa mtu wa vanila tangu utoto," akasema. "Sasa vanila na stroberi ni mapacha. Sukari na baridi, basi."

"Mapacha?" Bi Kijiko alisahau huruma kwa muda, udadisi ukamshika shingoni. "Hata kidogo huzitofautishi?"

"Nijaribu."

Pale pale wakamfunga macho kwa mtandio wa wifi. Wifi akapanga mabakuli, Bi Kijiko akashika kijiko. Vanila: "Tamu." Stroberi: "Ileile." Embe: "Hii ina nyuzinyuzi, basi ni embe, lakini nimeijua kwa meno." Asali: "Inakwaruza koo." Kisha Bi Kijiko akaenda kwenye friji ya kwanza, akatoa mtindi mtupu aliokuwa ameuacha ugande muda mrefu na kuuchuja kwa kitambaa mpaka ukawa mzito wa kusimamisha kijiko. Ulikuwa mchachu wa kupindukia. Hata mwalimu wa hesabu huomba upunguzwe ukali.

Mpishi aliupokea. Taya zikamkaza, bega moja likapanda, machozi yakamtoka chini ya mtandio.

"Huu," akasema. "Huu unanijibu."

Bi Kijiko akajibana pua kwa vidole viwili na kujitia kijiko cha stroberi mdomoni. Akala. Akachukua vanila. Akala. Macho yakamtoka. "Wifi! Njoo uone! Ni kweli, ni kitu kimoja!"

"Acha uongo wako." Wifi naye akajibana. Akaonja, akaonja tena, akaachia pua akaonja mara ya tatu. "Mungu wangu. Kumbe miaka yote tunauza harufu!"

Fundi viatu aliposikia kelele aliinua kichwa, akawakuta mkewe na dada yake wameshika pua na mtu mzima kafungwa mtandio wa maua. Alitema misumari kiganjani.

"Kuna nini kinanuka tena? Gundi nimeitoa."

"Njoo uonje!" Bi Kijiko akamnyooshea kijiko. "Jibane pua, uonje, uniambie."

Mumewe akarudi nyuma nusu hatua. "Hapana, mke wangu. Mimi niache."

"Kwa nini?"

Fundi akatazama misumari yake. "Mtindi siupendi."

"Hupendi upi?"

"Wowote. Sijawahi kuupenda."

"Na kile kikopo ninachokuwekea kila siku?"

"Nampa yule mlinzi wa ghorofa. Anaupenda kweli."

Wifi alicheka mpaka akashika friji asianguke. Mpishi akajifungua macho ili asipitwe. Bi Kijiko hakujua acheke au akasirike. Alikuwa amesoma midomo ya mtaa mzima, na mdomo aliolala nao kitanda kimoja hakuwahi kuusoma.

"Ungesema!"

"Ulikuwa unafurahi kunipa," akajibu mumewe, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Walipotulia, Bi Kijiko akamgeukia mpishi. Kulikuwa na jambo alilolisikia kwenye maelezo yake ambalo hakulipenda. "Kaka, kantini mnapikia nini? Gesi?"

Mpishi akaitikia kwa kichwa, na baada ya kusita akasema kwamba wiki iliyopita nusura awashe kiberiti na mpira wa gesi umepasuka. Mama anayeosha vyombo ndiye aliyepiga kelele.

"Na bado hujamwambia bosi wako?"

"Nimwambie nini, dada? Mpishi asiye na pua ni sawa na dereva asiye na macho. Nilisema nijikaze kisabuni."

"Utajikaza mpaka uungue na watu. Mficha uchi hazai. Nenda kaseme."

Hakwenda siku hiyo, wala iliyofuata. Lakini alipiga moyo konde akaenda. Baadaye alirudi dukani akisimulia kwa mshangao wa mtu aliyebeba mwavuli na mvua isinyeshe. Bosi wake, mama mmoja mkali asiyecheka, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Ulimi wako mzima?" Akasema mzima. Basi yule mama wa vyombo akapewa kazi ya pua: kunusa gesi asubuhi, kunusa maziwa, nyama na mafuta, na kusema neno lake kabla sufuria haijatoka. Yeye mpishi akabaki na chumvi na moto. Wafanyakazi, aliposema ukweli, walikiri kwamba chakula kilikuwa kimepwaya muda mrefu, ila walimwonea haya.

Alikuja karibu kila siku kwa ule mtindi mkali. Bi Kijiko akawa na shughuli mpya. Alijaribu kuuacha ugande zaidi, kuuchuja zaidi, kuunyunyizia karanga zilizopondwa ili meno nayo yapate habari. Akaona wateja wengine wakichungulia, wakiuliza mpishi anakula nini kile. Polisi alijaribu kijiko kimoja, akakohoa, akarudi kwa stroberi yake bila maneno.

Pua ya mpishi ilirudi, lakini ilirudi imepinda. Kwanza vitunguu vikamnukia kama mpira unaoungua, naye akaja mbio kutoa habari kama mtu aliyepata mtoto. Kisha kahawa, kisha ndimu. Sabuni ya kiwandani ikachelewa sana. Hatimaye mchana mmoja alisimama mbele ya friji ya ladha, akavuta pumzi, akasema, "Dada, nipe vanila."

Bi Kijiko akampa mwenyewe, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Hata wifi alitoka nyuma. Mpishi akala kijiko kimoja, akafumba macho.

"Ni yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Ileile ya utoto."

"Haya, nikuwekee ya kwenda nayo?"

Akafikiri. Alikula kijiko cha pili polepole, akaweka kikopo. "Hapana. Niwekee ule mkali."

"Lakini si umesema ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Ni kama kukutana na mtu uliyesoma naye. Unafurahi kumwona, unamwuliza habari za nyumbani. Lakini humhamishii kwako."

Alipoondoka, Bi Kijiko alibaki na kile kikopo cha vanila mkononi. Kwa hiyo si ulimi, aliwaza. Wala si pua, maana pua imerudi na mtu hakurudi nayo. Ni nini basi? Alimwuliza wifi, wifi akasema yeye ana masufuria ya kuosha. Alimwuliza mumewe, akatikisa kichwa, misumari mdomoni.

"Na wewe," akamwuliza, akivuta kigoda karibu na nyundo yake, "mtindi huupendi. Sawa. Unapenda nini?"

Fundi viatu alisimamisha nyundo hewani. Alifikiri muda mrefu, uso umemlainika, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko ya koti lisilo lake. Mkewe alisubiri, na safari hii hakubahatisha.